Kiwiko cha Idwal

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimefumuka, rangi yake imepauka, na mgeni akibisha hodi mkeka huo husukumwa uvunguni asiuone. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, uliofumwa kwa ukindu laini na kutiwa nakshi. Wazee waliotuachia methali ya mikeka hii miwili hawakuukashifu msala hata kidogo. Walichosema ni kwamba msala ule umo begani mwa mpita njia, na mpita njia hana miadi na mtu. Anayeutupa mbacha wake kwa sababu ya huo, usiku hulala sakafuni. Methali hii ilizaliwa kwenye nchi za joto, lakini mimi nimeiona ikitimia kwenye theluji, mjini Scranton, Pennsylvania, miongoni mwa watu ambao hawajawahi kulalia mkeka.

Mtaa wa Hyde Park ni wa watu wa asili ya Wales, wana na wajukuu wa wachimba makaa. Mwaka 1967 migodi ilikuwa imekwisha kufungwa, lakini vumbi lake lilikuwa bado limo vifuani mwa wanaume. Majina yao yalifanana mno, kwa hiyo kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Haydn Bevan, aliyekuwa akipiga king'ora cha zamu mgodini, aliitwa Haydn Saa. Emlyn Howells, mwenye duka la viatu, aliitwa Emlyn Viatu, na huyo ndiye aliyekuwa mwongoza kwaya ya wanaume ya kanisa la Bethania.

Kwaya hiyo ilikuwa na wanaume arobaini. Kumi na wawili kati yao walikuwa besi, waimbaji wa sauti nzito ya chini, na wote kumi na wawili walitoka shimoni. Walikutana kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa, wakaimba tenzi, nyimbo za kwao, na zile nyimbo za redio ambazo kila fundi bomba huzipiga mluzi kazini. Mtu mwenye vumbi kifuani hawezi kushikilia sauti ndefu, na besi ndiyo yenye sauti ndefu. Basi wazee wale walikuwa wamejitungia utaratibu wao. Hakuna aliyepumua pamoja na mwenzake. Aliyeishiwa pumzi alimgusa jirani yake wa kushoto kwa kiwiko, naye jirani alijua kwamba sasa ni zamu yake kubeba sauti mpaka mwenzake arudi. Kiwiko kilitembea mstarini hivyo wimbo mzima. Aliyekaa kwenye viti alisikia sauti moja tu isiyokatika, na mtaani watu walizoea kusema, "Kwaya ya Bethania haipumui."

Walikuwa na desturi nyingine. Mwanakwaya akifa, wenzake walimwimbia kaburini wakiwa wamesimama kwa mpangilio wao uleule wa Alhamisi, na nafasi yake iliachwa wazi. Hakuna aliyesogea kuiziba.

Bingwa wa kiwiko alikuwa Idwal Treharne, kaka mkubwa wa Nesta, mke wa Emlyn. Alikuwa pande la mtu, mwenye alama za buluu usoni zilizoachwa na makaa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kifua chake kimebaki nusu, naye akalifanya jambo hilo mzaha wake mkubwa.

"Jumatano nina nusu pafu," alikuwa akisema. "Alhamisi nina mapafu themanini. Sasa niambieni, nani tajiri hapa Scranton?"

Oktoba ya mwaka ule alikuja mgeni kutoka Philadelphia, bwana mmoja mwenye koti la sufu ya ngamia aitwaye Corwin Lasker, mtu wa kampuni ya santuri. Aliisikia kwaya kwenye harusi, akamsubiri Emlyn mlangoni.

"Bwana Howells, kuna tuzo inaitwa Santuri ya Fedha," alisema. "Kila mwaka wanatoa moja kwa kwaya za nyimbo pendwa. Nyinyi mnaichukua. Nakwambia kabisa, mnaichukua! Wewe mwenyewe unapanda jukwaani, unapokea, ukumbi mzima umesimama."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Emlyn kuliko yote. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameongoza kwaya, na nje ya mtaa ule hakuna aliyemjua. Kutwa alipiga goti mbele ya miguu ya watu, akivuta soksi na kubana vidole kuona kama kiatu kinatosha. Ukumbi mzima umesimama, na yeye amesimama! Hakulala usingizi wa maana wiki ile.

Lasker alirudi na mashine ya kunasia sauti, akanasa wimbo wao mmoja, kisha akamwita Emlyn pembeni amsikilizishe. Kwenye viti vya kanisa hakujawahi kusikika kitu, lakini kipaza sauti kilikuwa kimewekwa futi tatu tu kutoka kwa besi. Kilinasa yote: vifua vikikoroma kama birika, na viwiko vikisugua makoti ya sufu.

"Mashine haina huruma," Lasker alisema. "Ni wazee wazuri, nawapenda. Wapumzishe kidogo tu. Mimi nitakuletea vijana kumi na wawili wa chuo cha muziki. Wewe ni msanii, Bwana Howells, usifungwe na huruma."

Alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Emlyn akayaona yanang'aa.

Alhamisi ya pili ya Novemba, Emlyn aliwabakiza besi baada ya mazoezi. Alizungusha maneno weee, akataja mashine, akataja Philadelphia, akataja sifa ya mtaa. Hatimaye akasema, "Kwa hiyo nawaomba mpumzike. Mpaka tuzo ipite tu."

Haydn Saa ndiye aliyejibu kwanza.

"Kupumzika? Mimi mgodi umenipumzisha miaka minane, bado sijamaliza kupumzika huko, na wewe unaniongezea?"

"Haydn, ni miezi michache."

"Shemeji," Idwal aliingilia, na hakuwa na hasira. "Hii tuzo, ukishaipata unaivaa mguuni au kichwani?"

Wenzake wakacheka. Emlyn akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Acha utani, Idwal. Hii ni nafasi ya pekee. Haiji mara mbili."

"Sawa, bwana. Sikatai." Idwal alichukua kofia yake, akapanda ngazi ngazi moja moja, akipumzika katikati. Alipofika juu aligeuka. "Ila ujue, umenirudisha kwenye nusu pafu."

Emlyn alijiambia kwamba ule nao ni utani. Ndivyo tunavyofanya sote tunapotaka kulala vizuri.

Vijana wa chuo walikuja kwa gari moshi. Walikuwa na adabu, sauti zao zilikuwa safi kama glasi iliyooshwa, na kila mmoja alisoma noti kama anayesoma gazeti. Lakini walikuwa wamefundishwa kupumua kwenye kila mkato, wote pamoja, na hawakuona sababu ya kuguswa viwiko na mtu. Januari santuri ilinaswa Philadelphia kwa siku mbili. Lasker alipiga makofi. Emlyn alinunua suti nyeusi ya jukwaani, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Wale ishirini na nane waliobaki walianza kupungua. Huyu alikuwa na mafua, yule alikuwa na mgeni. Nesta naye alianza kutoka kila Alhamisi, amebeba bakuli la vikeki vya zabibu kavu lililofunikwa kitambaa. Emlyn alidhani anakwenda kwa wanawake wa kanisa, na hakuuliza. Hali ya Idwal aliisikia dukani tu, kwa wateja: hatoki tena, kitanda chake kimeletwa karibu na jiko la makaa. Kila aliposikia alisema atakwenda kumwona. Kila Jumapili ilipofika alikuwa na barua ya kumwandikia Lasker.

Tarehe mosi Machi, siku ya Mtakatifu Daudi, mlinzi wa Wales, mtaa mzima uliketi Bethania kama kila mwaka. Kwaya iliimba bila kosa. Noti zilikuwa mahali pake, maneno yalisikika. Lakini kila mwisho wa mstari kilipita kimya kidogo, ufa mwembamba, na watu waliozoea sauti isiyokatika walianza kutazamana. Walipomaliza, walipiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia mgeni. Bi Gwenllian, mjane wa mpiga kinanda, alimshika Emlyn mkono pale mlangoni.

"Hongera, mwanangu. Wameimba vizuri." Akatafuta neno. "Leo kwaya imepumua."

Emlyn alimshukuru. Barabarani ndipo alipolielewa neno lile.

Barua ilifika katikati ya Machi, akiwa dukani, mteja amekaa na mguu mmoja wazi. Alijua nembo ya bahasha. Aliifungua hapohapo kwa chuma cha kuvalia viatu.

Ilikuwa fupi. Kamati ya Santuri ya Fedha ilimshukuru kwa kuleta kazi yake. Ilimjulisha kwamba kutokana na mabadiliko ya ladha ya wasikilizaji, kitengo cha kwaya za nyimbo pendwa kimefutwa kuanzia mwaka huu. Kazi zote zilizowasilishwa kwenye kitengo hicho hazitashindanishwa. Kamati ilimtakia mafanikio.

Emlyn aliisoma mara tatu. Hakushindwa, maana kushindwa kunahitaji kushindana. Mlango aliokuwa akiukimbilia tangu Oktoba haukufungwa usoni mwake; ulikuwa umeng'olewa pamoja na ukuta.

"Vipi, bwana, kuna msiba?" mteja aliuliza.

"Hapana, mama. Lete mguu."

Alipiga simu kwa Lasker. Binti wa ofisini alimwambia kwa upole kwamba Bwana Lasker siku hizi anashughulika na bendi za magitaa, na kwamba atampa ujumbe. Kama alimpa au hakumpa, simu haikulia.

Alhamisi iliyofuata, vijana wa chuo hawakuja. Kazi yao ilikuwa imekwisha, na hawakuwa na ugomvi na mtu. Katika wale ishirini na nane walikuja watano, wakakaa na makoti yao, wakimtazama. Emlyn aliinua mkono wa kuanzisha wimbo, akaushusha. Aliwaambia waende nyumbani. Wakaondoka upesi mno, wakifuatana kama watu wenye mahali pa kwenda.

Alirudi kwake akamkuta Nesta amevaa koti, bakuli mkononi.

"Mapema leo," Nesta alisema.

"Kwaya imekwisha, Nesta. Nimeiua." Alikaa kwenye ngazi, akafunika uso. "Nimewafukuza wazee kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Hakipo kabisa!"

Nesta alikuwa na maneno ya miezi minne kinywani, na angeweza kuyamwaga yote. Akaona hayahitajiki.

"Amka," alisema. "Nibebee bakuli. Twende."

Walipokaribia nyumba ya Idwal, Emlyn alisimama ghafla kwenye theluji. Sauti ilikuwa ikitoka jikoni, nzito, ya chini, imepita kwenye kuta za mbao mpaka barabarani. Alisubiri ikatike. Haikukatika. Alisimama pale mpaka vidole vyake vikafa ganzi kwenye bakuli, na ile sauti ilikuwa bado inakwenda. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Jikoni kulikuwa kumejaa. Besi walikuwa ukutani kwa mstari, wengine walikuwa wamekalia ngazi, na hata wale watano aliowaaga nusu saa iliyopita walikuwapo, wakijifanya hawamwoni. Idwal alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, amekonda, blanketi mabegani. Aliimba neno moja kati ya manne. Mengine wenzake walimbebea.

Wimbo ulipoisha, Haydn Saa alisema, "Haa! Emlyn Viatu. Umekuja kutupima miguu?"

"Muache akung'ute theluji kwanza," Idwal alisema kwa sauti ndogo. "Karibu, shemeji. Funga mlango, joto linatoka. Haya, tuzo iko wapi?"

"Imefutwa."

"Wamekufuta wewe, au wameifuta yenyewe?"

"Yenyewe. Hawataki kwaya tena. Wanataka magitaa."

Idwal akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Nesta akamshika mgongo, na jiko zima likacheka naye, maana haikuwezekana kujizuia. Emlyn peke yake hakucheka.

"Nisameheni," alisema. "Nimewakosea. Idwal, wewe hasa. Ulinieleza pale ngazini, nami nikajifanya sikusikia."

"Ulisikia," Idwal alisema.

"Nilisikia."

"Basi. Mtu akisema kweli yaishe." Alipangusa mdomo. "Ila sikiliza, shemeji. Miaka kumi na tisa umesimama mbele yetu na kile kifimbo chako. Hata siku moja hujasimama mstarini. Hii kitu unaiongoza lakini huijui. Njoo hapa, kulia kwangu. Na usimwongoze mtu mpaka ujifunze kupumua."

Emlyn alivua koti, akasimama kulia kwa Idwal, ambaye aliinuka kwa kushikilia ukingo wa jiko. Kushoto kwa Idwal alisimama Haydn Saa. Walianza. Emlyn alijaribu kushika sauti mpaka mwisho wa mstari kama alivyokuwa akiwadai wengine miaka yote, na kifua kikamwishia katikati.

"Niguse, bwana!" Idwal alinong'ona. "Unaona haya ya nini? Niguse mimi, nimguse Haydn. Ndiyo kazi yenyewe."

Akamgusa. Na pale pumzi yake ilipokwisha, akaisikia sauti ikiendelea bila yeye, ikimngoja arudi. Hakuwahi kujua kwamba kuimba kunaweza kuwa hivyo. Miaka yote alidhani wazee wale wanaficha udhaifu, kumbe ndivyo walivyokuwa wakitunzana.

Alikwenda Alhamisi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kwenye ya tano Idwal aliimba amelala, mkono wake umening'inia nje ya kitanda, na Emlyn akiishiwa alikigusa kiwiko chake kwa upole, na Idwal alitoa sauti nyembamba kama uzi, lakini aliitoa. Jumanne iliyofuata alikufa mchana, Nesta akiwa ameshika kikombe chake cha chai.

Walimzika Aprili ikielekea mwisho, udongo ukiwa umelainika na nyasi zikianza kuchipua kwenye vilima vya taka za makaa. Kwaya ilisimama yote arobaini kasoro mmoja. Mchungaji alimtazama Emlyn aje mbele. Emlyn alitikisa kichwa. Alikwenda mstarini, mahali pake. Kushoto kwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuiziba.

Walianza polepole. Mbele yao hakukuwa na mtu wa kuwaongoza, na hawakumhitaji. Sauti ilikwenda mstari wa kwanza, ikaenda wa pili. Kwenye wa tatu pumzi ilimwishia Emlyn, naye, kama alivyofundishwa, akapeleka kiwiko kushoto.

Kiwiko hakikugusa kitu.

Sauti ilikatika. Ilikuwa mara moja tu, upana wa mtu mmoja, lakini makaburini pale kila mtu aliisikia, na Nesta akainamisha kichwa. Ndipo Haydn Saa, upande wa pili wa lile pengo, alipoushika mkono wa Emlyn. Desturi ilikataza mwili kuiziba nafasi. Haikusema neno juu ya mkono. Haydn aliibeba sauti, wenzake wakaipokea, ikaendelea mpaka mwisho.

Emlyn hakuweza kuimba tena siku ile. Alisimama ameshikwa mkono, akihesabu. Alhamisi kumi na saba alizipeleka kwa tuzo ambayo haikuwapo, na shemeji yake alikuwa amebakiwa na tano tu za kumpa. Wazee hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.